Pande Mbili za Gari Moja

Saa tatu asubuhi, yadi ya magari Dar es Salaam. Toyota IST namba D, rangi ya fedha, imetoka kuoshwa sasa hivi na maji bado yanachuruzika kwenye bampa. Mnunuzi anaizunguka mara moja. Anapiga tairi teke. Anafungua mlango, anaufunga, anasikiliza mlio wake. Anawasha injini, anakanyaga mafuta mara mbili, anazima.

"Haya, niambie bei ya mwisho."

Dakika nne hazijaisha.

Mtu huyohuyo mpeleke soko la Karume akachague shati la mtumba. Ataligeuza ndani nje, atakagua kwapa, atavuta kola aone kama imesagika, atahesabu vifungo. Hapo ni shati la elfu chache. Gari la mamilioni analitazama likiwa limelowa, kwa mbali, mikono mfukoni.

Picha hiyo imenikaa kichwani wiki kadhaa, maana wanunuzi wa namna hii hawakosi maarifa. Karibu kila mmoja ameshaambiwa: angalia kama limepigwa rangi upya. Nimeanza kuamini kwamba ushauri huo ndio unaowapoteza.

## Swali limekaa vibaya

Gari lililokaa mjini miaka mitano bila kuguswa na fundi rangi ni la kutafuta kwa tochi. Bodaboda hupenya pasipopenyeka, bajaji hurudi nyuma bila kutazama, na nguzo ya geti haijawahi kumpisha mtu. Bampa hupigwa rangi, fenda hunyooshwa. Ukikataa kila gari lenye rangi ya pili, utazunguka yadi mpaka soli iishe, halafu utanunua lile ambalo fundi wake alikuwa hodari kuliko jicho lako.

Swali la kuuliza ni jingine: kilichoguswa kimefungwa kwa bolti, au kimechomelewa?

Bampa, fenda za mbele, boneti, milango na mfuniko wa buti hufungwa. Vikibonyea hunyooshwa au hubadilishwa, na gari linabaki lilelile. Lakini nguzo za milango, paa, sakafu, vizingiti vya chini ya milango, ubavu wa nyuma unaoanzia pale mlango wa nyuma unapoishia, na pau mbili za chasisi zinazotangulia injini, hivyo huchomelewa kiwandani. Ndivyo vinavyobeba gari na kumeza kishindo siku ya ajali. Hata wakaguzi wa minada ya Japani huchora mstari karibu na hapo: fenda au mlango uliobadilishwa hauliingizi gari kwenye kundi la yaliyopata ajali, ila nguzo, sakafu au chasisi iliyonyooshwa inaliingiza.

Ukishaupokea mstari huo, hutafuti tena gari safi. Unatafuta mahali ambapo gari halilingani na lenyewe. Upande wa dereva na upande wa abiria vilitoka kiwandani siku moja, kwa mashine zilezile. Kila upande ni kipimo cha mwenzake, na kipimo hicho unacho hapohapo, bure.

## Likauke kwanza

Maji hujaza mikwaruzo na kulainisha mawimbi ya bodi. Gari lililolowa limefunikwa, hata kama halina turubai. Omba kitambaa, au subiri.

Usikague usiku chini ya taa za yadi, wala saa saba mchana jua likiwa utosini. Jua la saa mbili hadi saa nne asubuhi, au la saa kumi jioni, hupiga ubavuni na kutoa kila bonde.

Chuchumaa kwenye kona ya taa ya nyuma, jicho lilingane na vitasa vya milango, utazame mbele kwa urefu wa gari. Tafuta kitu kilichonyooka kinachojiakisi kwenye bodi: nguzo ya umeme, ukingo wa bati la uzio, waya. Kivuli chake kikipita mlango wa nyuma kimenyooka, kisha kikafika mlango wa mbele kinacheza kama nyoka majini, huo mlango wa mbele una puti, ile lai ya kujazia mabonde kabla ya rangi, au umegongwa nyundo. Hamia upande wa pili, urudie.

Rangi ya kiwandani nayo ina vinyweleo vidogo kama ganda la chungwa, kwa hiyo usitegemee iwe kioo. Kinachosema ni tofauti: boneti ina vinyweleo, fenda ya kushoto ni laini tupu, ya kulia ina vinyweleo kama boneti. Fenda ya kushoto ina habari yake. Vilevile chembe za vumbi zilizoganda ndani ya rangi, na michirizi inayoning'inia kama machozi chini ya kitasa. Kiwandani hupakwa kwenye chumba kilichofungwa na kukaushwa kwa joto. Uani kwa fundi kuna upepo, kuku na jirani anayefagia.

Fungua milango. Pitisha kucha taratibu kwenye ukingo wa ndani, pale bodi inapopinda kuingia. Ikikwama kwenye mstari mwembamba ulionyooka, hapo iliishia gundi-karatasi ya fundi rangi. Tazama mipira ya madirisha na plastiki nyeusi za ndani ya fenda: ukungu wa rangi hupenda kutua huko.

Jambo moja la kumtetea muuzaji. Bampa likitofautiana kidogo na fenda, usipige kelele. Bampa ni plastiki, hupakwa mbali na bodi na kwa joto dogo zaidi, na hata juani huchakaa kwa mwendo wake. Nyeupe ya lulu, ile ambayo kwenye Toyota nyingi imeandikwa 070 kwenye kibati cha gari, ndiyo inayoumbua mafundi kuliko zote, kwa sababu ina tabaka la katikati ambalo likizidi kidogo tu, upande mmoja unaonekana umenywa chai. Kama kibati kinasema 040, ile nyeupe ya kawaida, au 202, nyeusi, na gari mbele yako lina rangi nyingine kabisa, chukua kadi ya gari usome rangi iliyoandikwa.

## Mwanya unaopimwa kwa kadi ya benki

Mwanya kati ya boneti na fenda, kwenye magari mengi ya Kijapani, ni wa milimita tatu hadi tano hivi. Kipimo kamili si muhimu sana. Cha muhimu ni kwamba mwanya wa kulia ulingane na wa kushoto, na ulingane na wenyewe kuanzia kwenye kioo mpaka kwenye taa.

Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Shika nne pamoja, unapata kama milimita tatu. Zipitishe mwanya mzima upande wa dereva, kisha wa abiria. Zikipita kwa raha mwanzoni na kukwama zikikaribia taa, pua ya gari imesukumwa, au boneti haikurudishwa mahali pake.

Mwanya wa mlango ukiwa mwembamba juu na mpana chini, usikimbilie kusema ajali. Inua mlango kwa mikono miwili ukiwa wazi. Ukicheza, bawaba zimelegea, na hilo ni la umri. Usipocheza, na mwanya umepinda hivyo, nguzo inayoubeba ndiyo ya kuulizwa.

Kama una futi kamba, nyoosha matairi, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, pande zote mbili. Tofauti ikizidi sentimita moja, acha kupima rangi. Kuna jambo kubwa zaidi.

## Bolti

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko popote, na ndipo wengi hawafiki.

Fungua boneti. Usitazame injini. Tazama bolti zinazoshika bawaba za boneti, na zile zilizojipanga juu ya kila fenda, chini ya ukingo wa boneti. Kwenye Toyota na nyingi za Kijapani, bodi hupakwa rangi boneti, fenda na milango vikiwa vimeshafungwa. Kwa hiyo vichwa vya bolti hizo vina rangi ya gari, na rangi imetambaa toka kichwani, ikapita kwenye wosha, ikashuka kwenye bati bila kukatika.

Spana ikipita mara moja tu, inang'oa rangi kwenye kona sita za kichwa. Ukiinama na tochi utaona chuma kinachekelea. Na kama fenda ilitolewa na kurudishwa, wosha haikai tena pale ilipokuwa. Pembeni yake unabaki mwezi mwandamo: kipande chembamba cha bati lenye rangi tofauti, alama ya makazi ya zamani.

Mafundi wanajua kwamba baadhi ya wanunuzi wanajua. Hupitisha brashi juu ya bolti. Ila rangi ya brashi ni nzito, hujaa kwenye kona ya kichwa na bati, haing'ai kama ya jirani yake, na ukiikwangua kwa kucha hutoka kama ganda la yai.

Bolti za fenda ya kulia zimeguswa, za kushoto bado zimelala usingizi wa kiwandani. Sasa unajua ajali ilitokea upande gani, na hujauliza mtu.

Ukiwa hapohapo, tazama sapoti ya rejeta, ile pau ya mbele inayopita juu yake. Stika za kiwandani chini ya boneti na juu ya pau hiyo zipo? Zisipokuwepo, au pau ikiwa na rangi mpya kuliko kila kilichoizunguka, mulika chini kwenye zile chasisi mbili zinazoelekea nyuma kwenye injini. Mikunjo kama shati lisilopigwa pasi, rangi iliyopasuka kwenye kona, au mchomeleo wenye mabonge: funga boneti, mshukuru muuzaji.

Kwenye ukingo wa boneti na milango, upande wa ndani, kuna uzi wa gundi ya kuzibia mishono. Wa kiwandani ni mgumu, una upana uleule mwanzo mwisho. Bonyeza kwa kucha. Ukizama kama ubani, uliwekwa baadaye. Usipokuwepo upande mmoja na upo upande wa pili, kipande hicho ni mgeni.

Kisha vuta mpira wa mlango utoke kidogo kwenye mfereji wake, mbele, chini na nyuma. Utaona vishimo vya mviringo vya ukubwa mmoja, vimepangwa kwa nafasi inayolingana. Ni alama za mashine ya kuchomelea ya kiwandani. Vikipotea kwa urefu wa kiganja, vikawa vimejazwa puti au vimesagwa kwa grainda, ubavu huo umekatwa na kuungwa. Magari yaliyotengenezwa kwa nusu ya hili na nusu ya lile hukamatwa hapo, chini ya mpira ambao hakuna mtu huuvuta.

## Sumaku na uongo wake

Sumaku ya mlango wa jokofu iliyofungwa kitambaa chembamba ni kifaa kizuri, ila ina mipaka. Inashika bati kwa nguvu, inalegea kwenye puti nene. Puti isiyofika milimita moja inaweza kuidanganya kabisa. Na kuna sehemu haitashika hata gari likiwa bikira: fenda za mbele za X-Trail ya kwanza ni plastiki, na boneti ya Subaru Legacy nyingi ni ya alumini. Usimtukane muuzaji kwa hilo.

Kipimo cha unene wa rangi kinasema zaidi. Rangi ya kiwandani kwa magari ya Kijapani mara nyingi husoma maikroni 80 hadi 150. Ikisoma 200 hadi 300, kuna rangi juu ya rangi. Ikipita 400, anza kufikiria puti. Ikigonga 1,000, hiyo ni milimita nzima, na chini yake hakuna cha kufikiria. Soma mahali patano kwa kila kipande, na anzia kwenye paa. Paa hugongwa kwa nadra, kwa hiyo namba yake ndiyo rula ya gari zima.

Kama paa lenyewe lina puti, jiulize ni nini huangukia gari kutoka juu. Mara chache ni nazi. Mara nyingi ni gari lenyewe lililopinduka.

Puti si dhambi. Fundi mzuri hunyoosha bati kwanza na kuweka puti nyembamba ya kumalizia. Anayejaza shimo kwa puti ya milimita tano amenunua muda tu: bati hutanuka juani na kusinyaa usiku, puti haifuatani nalo, na miezi inayofuata mpaka wake unajichora juu ya rangi kama ramani.

## Vioo vyenye namba

Kila kioo kina muhuri wa mtengenezaji kwenye kona. Gari la Kijapani linaweza kuwa na Asahi, Nippon Safety au Central Glass. Soma vyote, kuanzia kioo cha mbele, zunguka. Jina moja, au angalau jozi zinazofanana kulia na kushoto. Karibu na jina kuna tarakimu ndogo na vidoti, mara nyingi tarakimu ya mwisho ya mwaka. Kioo kikitangulia mwaka wa gari kidogo ni kawaida, maana kilikaa stoo. Kioo cha mlango kilichozaliwa miaka mitatu baada ya gari kilikuja na mlango mwingine, au kilifuata kishindo.

Kioo cha mbele peke yake kikiwa kipya, usikitie chumvi. Kokoto za malori hufanya kazi hiyo kila siku.

Kwa magari ya mkononi hapa nchini kuna ushahidi ambao mnunuzi wa Nagoya, kule Japani, hana. Wengi huchora namba ya gari kwenye vioo, saiti mira na taa kwa hofu ya vibaka. Zisome zote, moja moja. Namba nyingine kwenye kioo cha mlango ina maana mlango huo ulikuwa mali ya gari jingine. Kioo kimoja kisicho na namba kati ya vilivyochorwa kina hadithi, hata kama ni hadithi fupi ya wizi wa usiku mmoja.

Taa nazo zina majina: Koito, Stanley au Ichikoh zikiwa za kiwandani, na mara nyingi DEPO au TYC zikiwa za kununua dukani. Kulia Koito iliyopauka, kushoto DEPO inayong'aa. Sasa rudi kwenye bolti za fenda ya kushoto, uone kama zinakubaliana nayo. Zikikubaliana, mwombe muuzaji asimulie yeye mwenyewe, unyamaze.

## Chini ya zulia la buti

Pua ya gari hukaguliwa na wengi. Nyuma husahaulika.

Toa zulia, toa tairi ya spea. Kile kisima kinachoishika kina mistari iliyofinyangwa kiwandani, yenye kona kali. Nyundo ikipita, mistari hiyo inalainika na bati linakuwa na vidimbwi. Mulika mshono kati ya sakafu na ukuta wa nyuma: gundi yake iwe sawa kulia na kushoto. Maji au tope chini ya tairi ni ama mpira uliochoka, ama buti ambalo halifungi tena sawasawa. Kama matope laini yapo pia ndani ya taa, usawa uleule kila upande, gari lilisimama kwenye mafuriko.

## Kutu mbili

Kutu ya baridi hutoka chini. Hokkaido na kaskazini mwa Honshu humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na gari lililokaa huko linafika bandarini likiwa zuri juu na limeliwa tumboni. Likague likiwa juu ya jeki ya gereji au kwenye shimo: vikalio vya springi, bolti za ekzosi, mshono wa chini ya vizingiti. Ukikuta tumbo zima limepakwa rangi nyeusi mbichi, mpaka juu ya nati, mipira na ekzosi, mtu alikuwa na haraka. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia, lililooza linanung'unika.

Kutu ya pwani hutoka kwenye kingo. Gari la Zanzibar, Tanga au Kigamboni huanza chini ya milango, pale vitundu vya kutolea maji vilipoziba, kwenye mdomo wa buti na miguu ya keria. Ukiona malengelenge chini ya rangi, kutu ilianzia ndani. Unachokiona ni mlango wake wa kutokea.

## Karatasi ya mnada

Kwa gari lililotoka Japani karibuni, omba karatasi ya mnada, ile ripoti ya mkaguzi wa mnada, na ulinganishe namba ya chasisi kabla ya kusoma kingine. Michoro ya bodi ina lugha fupi: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni wimbi la matengenezo, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Tarakimu 1 hadi 3 huonyesha ukubwa. Daraja likiwa R au RA, gari lina historia ya ajali iliyotengenezwa.

Ikiwa karatasi inasema XX kwenye fenda, na bolti za fenda hiyo zimeguswa, nafurahi kuliko nikiona karatasi isiyo na doa. Viwili hivyo vimekubaliana bila kupanga. Ila karatasi hiyo ni ya siku ya mnada. Haijui lolote kuhusu meli, bandari, wala dereva aliyeileta yadi usiku.

## Nani amlipe fundi

Hapa bado nina wasiwasi, na sijapata jibu linaloniridhisha kabisa. Haya yote huchukua dakika arobaini, na wauzaji wengi huanza kukunja uso kwenye ya kumi. "Bosi, hilo gari zima, wewe unatafuta nini?" Wengine watakuletea fundi wao, mkarimu sana, akuhakikishie.

Nenda na wako. Bampa, fenda moja na boneti ni mazungumzo ya bei: mwambie akutajie gharama ya kurekebisha, uikate palepale. Nguzo, paa, sakafu, chasisi ya mbele, au namba ya chasisi yenye mchomeleo pembeni si mazungumzo ya bei yoyote.

Na mkubaliane malipo mapema, yawe yaleyale ununue au usinunue. Fundi anayelipwa gari likinunuliwa, kwa cha juu kutoka kwa dalali, ataona IST zote ni nzima. Mpe pesa yake mkiwa bado nje ya geti la yadi, boneti haijafunguliwa.